Mwanagenzi wa Jikoni

Mwaka 1859 Auguste Escoffier, kijana wa umri wa miaka 13 ambaye nafsi yake ilitamani uchongaji wa sanamu, alitiwa na wazee wake katika mkahawa wa ami yake mjini Nice, na kwa kuwa kimo chake kilikuwa kifupi, naye hana budi kusimama mbele ya majiko yenye moto mkali, akavaa viatu vya visigino virefu. Wala udugu haukumpatia upendeleo wowote. Jikoni zama hizo palikuwa na moshi, matusi na ulevi. Alistahimili, akahifadhi kila alichokiona, na ndiyo maana, nadhani, alipokabidhiwa jiko la hoteli ya Savoy, London, mwaka 1890, aliharamisha makelele na pombe, akawaandalia wapishi wake kinywaji cha shayiri.