Ng'ombe wa Machakos na Kiwanda cha Athi River

Uamuzi wa Septemba 2020 wa kuiweka Tume ya Nyama ya Kenya, inayojulikana zaidi kwa herufi KMC, chini ya Wizara ya Ulinzi ulizua ubishi kuhusu nani anayefaa kuongoza kichinjio cha umma. Katika ubishi huo haikuulizwa vya kutosha mfugaji ana kauli gani juu ya ng'ombe wake anapofikishwa langoni mwa kiwanda, ingawa suala hilo ni la zamani kuliko Tume yenyewe na liliwahi kuitikisa serikali ya kikoloni.

Kiwanda cha Athi River hakikuanzishwa na Tume, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1950, bali na kampuni ya Liebig katika miaka ya mwisho ya thelathini. Kampuni hiyo ilikuwa imejipatia jina kwa kiwanda chake cha Fray Bentos nchini Uruguay, kilichochemsha nyama hadi ikawa rojo zito la supu na kusindika nyingine katika mikebe. Biashara ya namna hiyo haihitaji ng'ombe walionona. Inahitaji wengi, wa bei ya chini, wanaofika bila kukatika, kwa kuwa kuni, maji na mishahara hulipiwa hata siku ambayo zizi la kiwanda ni tupu. Mfugaji wa nyanda kame, kwa upande wake, hana sababu ya kuuza kwa ratiba hiyo: jike humpa maziwa na ndama, maksai huvuta plau, na kundi zima ni akiba ya mwaka wa ukame na mahari ya wanawe, hivyo huuza anapobanwa na haja ya fedha, na mvua ikinyesha vizuri husitisha kabisa.

Tofauti hiyo ingeweza kupunguzwa kwa bei nzuri, lakini serikali ilichagua nguvu. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Jaji Morris Carter ilikuwa imeeleza katika ripoti yake ya mwaka 1934 kwamba mifugo ya Wakamba imezidi uwezo wa malisho. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli, ila ni kweli vilevile kwamba sehemu ya malisho ya zamani ya Wakamba, ikiwemo milima ya Mua, ilikuwa imegeuzwa mashamba ya walowezi. Mwaka 1938 ikaanza operesheni ya kupunguza mifugo kwa lazima wilayani Machakos: kila eneo lilipangiwa idadi, ng'ombe walioruhusiwa kubaki wakapigwa chapa ya moto, na wasio na chapa wakaswagwa mnadani, ambako waliuzwa kwa bei ya kutupa kwa Liebig na kwa walowezi. Mwanahistoria Robert Tignor, ambaye utafiti wake juu ya mgogoro huu ndio unaofuatwa zaidi hapa, anaonyesha kwamba mahitaji ya kiwanda na hoja ya kuhifadhi udongo vilikwenda sambamba, na Wakamba hawakuwa wajinga wa jambo hilo.

Mwezi Julai maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walifunga safari ya kwenda Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 60, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu wa Ukamba Members Association, chama kilichosaidiwa na Kikuyu Central Association na Isher Dass, mwakilishi wa Wahindi katika Baraza la Kutunga Sheria. Utulivu wa waandamanaji uliwatia watawala hofu kuliko fujo, kwa sababu Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, na hakuna aliyejua askari hao wangefanya nini wakiamriwa kuwatawanya wazazi wao. Muindi alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kulazimisha. Mtaa wenye jina lake unapita kando ya Soko la Jiji la Nairobi, lenye mabucha mashuhuri, na inasikitisha kwamba hakuna anayelihusisha jina hilo na nyama inayouzwa hapo.

Tume ya Nyama ilirithi kiwanda cha Liebig na kupewa ukiritimba wa kuchinja kwa ajili ya miji na soko la nje, ikilipa kwa madaraja ya ubora yaliyopangwa na serikali. Baadaye vichinjio vya watu binafsi vikaipokonya soko, madeni yakaelemea, kiwanda kikafungwa, kisha kikafufuliwa mwaka 2006, na malalamiko makubwa ya wafugaji kwa miaka mingi yamekuwa malipo kuchelewa. Wenye shida hawangoji: mfugaji wa Garissa au Moyale humuuzia mchuuzi kwa fedha taslimu, mchuuzi hukodi lori hadi Nairobi, na dalali hukaa kati yake na mwenye kichinjio akichukua ujira kwa kila kichwa. Katika minada mingi ng'ombe bado hukadiriwa kwa macho bila mizani, na kwa kuwa anayekadiri kila siku ni mnunuzi, mfugaji anayefika mara chache kwa mwaka ndiye anayepunjwa. Kuweka mizani katika kila mnada wa kaunti kungegharimu kidogo sana kuliko fedha zilizomiminwa Athi River, na serikali haina udhuru wa kulichelewesha jambo hilo.