Hela Ilibaki, Dhahabu Ikaondoka

Mtu wa Chanzuru akiishiwa husema, "Sina hela," na hapo anataja sarafu ya Mjerumani. Kuanzia 1904, heller 100 zilifanya rupia 1 katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hiyo ilikuwa sarafu ya mnyonge. Ya wakubwa ilikuja mwishoni kabisa.

Mwaka 1916 koloni lilikuwa limezingirwa. Meli za Uingereza zilifunga bahari, fedha hazikuingia kutoka Ujerumani, na noti za dharura zilizochapwa humu humu hazikuaminika. Ndipo katika karakana ya reli mjini Tabora zikapigwa sarafu za dhahabu za rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Upande mmoja kuna tai wa Kaizari, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitoka 16,198 tu.

Kinachonivutia ni hesabu yake. Rupia 15 zilihesabiwa sawa na mark 20. Sarafu ya mark 20 ya Ujerumani ilikuwa na dhahabu safi gramu 7.17. Ya Tabora ilikuwa na uzito huo huo wa gramu 7.17, ila dhahabu ilikuwa robo tatu tu. Robo iliyobaki aliyeipokea alitakiwa kuiamini serikali iliyokuwa ikirudi nyuma vitani.

Sasa iweke karibu na maisha ya kijijini. Kodi ya kibanda ilipoanza 1898, kijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Sarafu moja ya tembo ingelipa kodi ya kibanda kimoja kwa miaka mitano. Kuzipata rupia hizo 3, watu wa Kilosa waliuza mazao au walikwenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya walowezi na kwenye reli. Dhahabu ilitembea juu ya jasho hilo bila kupita mikononi mwao.

Agosti 1916 Kilosa iliangukia mikononi mwa Waingereza, na Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora. Leo sarafu ile inauzwa minadani Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola, na wakusanyaji husifia tembo wake. Nasi tunaosoma historia tumezoea kuifuata inakokwenda. Naona tuanze na neno lililobaki sokoni Chanzuru, maana waliolibeba ndio waliolipa.