Moteri kubwa, upepo mdogo: miaka 80 ya kutafuta pikipiki isiyozimika

Habari ya leo inatokana na swali la motari mmoja hapa Butembo. Mwaka 2024, watu walipokuwa wanakimbia Kanyabayonga, alibeba mama mmoja, watoto wawili, godoro na sufuria kuelekea Lubero. Katikati ya mlima, pikipiki yake ya 125 ilipata moto sana, ikakosa nguvu, ikazimika. Walikaa kando ya barabara karibu saa nzima huku watu wengine wakiwapita kwa miguu, na hakuna aliyejua nani anakuja nyuma. Walifika, Mungu asifiwe. Lakini tangu siku hiyo anajiuliza, na juzi kituoni aliniuliza na mimi: «Ndugu muandishi, kwa nini hawatutengenezei moteri kubwa, yenye nguvu, isiyotumia maji na isiyochoka?»

Jibu ni kwamba walijaribu. Kuna kiwanda kimoja, Harley-Davidson cha mji wa Milwaukee nchini Marekani, ambacho kilitumia karibu miaka 80 kupata moteri ya namna hiyo ambayo mtu anaweza kuitumia barabarani kila siku bila wasiwasi. Na safari hiyo nusura ikiue kiwanda chenyewe.

Kwanza tuelewe tatizo. Esansi inapoungua ndani ya silinda, sehemu ndogo tu ya nguvu yake ndiyo inayosukuma pikipiki, theluthi moja ikiwa moteri ni nzuri sana. Inayobaki ni joto. Joto jingine linatoka na moshi, jingine linabaki kwenye chuma na ni lazima liondolewe. Gari linatumia maji na radiateri. Pikipiki zetu zinatumia upepo: yale mabamba membamba yanayozunguka silinda kama mbavu yanashika upepo na kuupa joto.

Sasa, mama zetu waliopika kambini wanajua jambo hili kuliko wainjinia wengi. Chai kwenye kikombe inapoa haraka, lakini maharagwe kwenye sufuria ya watu 50 yanakaa moto mpaka jioni. Ukizidisha vipimo vyote vya sufuria mara 2, chakula kinaongezeka mara 8, lakini ngozi ya nje inayotoa joto inaongezeka mara 4 tu. Silinda ya moteri ni vilevile. Ukiikuza, joto linaongezeka kuliko njia za kutoka. Ndiyo maana moteri ndogo ya 125 inavumilia kupozwa na upepo, na kubwa inateseka.

Harley-Davidson ilianza mwaka 1903. William Harley na Arthur Davidson walikuwa vijana, wakasaidiwa na ndugu zake Arthur, Walter na William. Mwaka 1909 walileta moteri ya silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, moja mbele na moja nyuma. Muundo huo unaingia vizuri kwenye fremu na una nguvu ya kupanda mlima. Lakini una kasoro moja ya kuzaliwa nayo: silinda ya nyuma inajificha nyuma ya mwenzake. Ya mbele inapata upepo safi, ya nyuma inapata upepo uliokwisha pashwa moto. Kasoro hiyo ipo mpaka leo.

Miaka ile ya mwanzo, mafuta ya moteri hayakuwa yakizunguka. Yaliingia, yakalainisha, kisha yakaungua au kumwagika barabarani. Dereva mwenyewe aliongeza kwa pampu ya mkono alipoona mzigo au mlima. Akisahau, chuma kinasaga chuma. Mwaka 1936 ndipo Milwaukee ilitoa moteri kubwa ya ujazo wa karibu sentimita 1,000 iliyokuwa na valvu juu ya silinda, na mafuta yaliyorudi kwenye tangi na kuzunguka tena. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu mafuta hayalainishi tu. Yanabeba joto pia, kutoka mahali upepo usipofika. Lakini za kwanza zilivuja mafuta sehemu ya juu, na ilichukua karibu miaka miwili mpaka valvu zikafunikwa zote.

Mwaka 1948 vichwa vya silinda vikaanza kutengenezwa kwa aluminiamu, ambayo inatoa joto haraka kuliko chuma. Wazo zuri, lakini silinda yenyewe ilibaki ya chuma. Aluminiamu inapopata moto inatanuka karibu mara 2 kuliko chuma. Kwa hiyo kila mara moteri ilipopata moto na kupoa, kichwa na silinda vilivutana kama ng'ombe wawili wasio na mwendo mmoja. Boliti zikalegea, mafuta yakatoka. Moteri iliyofuata, ya mwaka 1966, ilibaki na ndoa hiyohiyo.

Mwaka 1969 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. La kwanza, kampuni ya AMF, iliyojulikana kwa vifaa vya michezo, ilinunua Harley-Davidson. Ikataka pikipiki nyingi, haraka. Vipande visivyolingana vikafungwa hivyohivyo. Wenye maduka walisimulia jinsi walivyoweka makatoni chini ya pikipiki mpya kabisa ili mafuta yasichafue sakafu. Mwaka 1978 moteri ikakuzwa kufika ujazo wa 1,340, na joto likaongezeka pamoja nayo.

La pili, Honda ya Japani ilileta CB750. Nayo ilipozwa na upepo, nayo ilikuwa kubwa, ujazo wa 736. Lakini Wajapani hawakutumia sufuria mbili kubwa. Walitumia nne ndogo, kila moja 184, wakazipanga kwa upana ili zote zione upepo. Haikuvuja na iliwaka kwa kidole. Wateja wa Marekani walilinganisha, wakahama.

Mwaka 1981 viongozi 13 wa Harley-Davidson walikopa pesa wakainunua kampuni kutoka AMF, kwa karibu dola milioni 80. Waliikuta mgonjwa. Mwaka 1983 Rais Ronald Reagan alipandisha ushuru wa pikipiki kubwa kutoka nje, zenye ujazo unaozidi 700, kutoka asilimia 4.4 mpaka 49.4. Ulikuwa ushuru wa miaka mitano. Watu wengi wanasema ushuru huo ndio uliowaokoa. Mimi naona uliwapa muda tu. Ushuru haufungi mahali panapovuja.

Kilichowaokoa ni kazi mbili. Ya kwanza ni unyenyekevu. Wakubwa wa kiwanda walikwenda Marysville, jimbo la Ohio, kutazama kiwanda cha Honda, mshindani wao. Hawakukuta mashine za ajabu. Walikuta utaratibu: vipande vinaletwa pale vinapohitajika, na mfanyakazi anapima kazi yake mwenyewe na kusimamisha kosa kabla halijafika mbele. Wakarudi nyumbani wakafanya hivyo.

Ya pili ni moteri mpya iliyoitwa Evolution, ya mwaka 1984, ambayo kazi yake ilianza tangu wakati wa AMF. Ukubwa haukubadilika: 1,340 ileile, silinda mbili zilezile, hakuna maji. Lakini silinda nazo zikawa za aluminiamu, na ndani tu zikawekewa bomba la chuma linalosuguana na pistoni. Sasa kichwa na silinda vikawa vinatanuka pamoja. Boliti ndefu zilibana kichwa, silinda na kiti cha chini kwa pamoja, kama mama anavyofunga mzigo wote kwa kamba moja. Joto likatoka haraka, mafuta yakabaki ndani. Mwaka 1987, kabla ya ile miaka mitano kwisha, kampuni yenyewe iliomba serikali iondoe ushuru.

Je, tatizo lilikwisha? Hapana. Wateja walitaka kubwa zaidi: 1,450 mwaka 1999, kisha 1,584 mwaka 2007. Tatizo kubwa la moteri hizi ni mji wenye msongamano, kwa sababu pikipiki ikisimama hakuna upepo. Kiwanda kikaweka mbinu kwenye baadhi ya pikipiki: moteri ikipata moto sana ikiwa imesimama, silinda ya nyuma inaacha kuunguza esansi na kubaki inapumua hewa tu. Na moteri iliyotoka kwa mwaka 2017, yenye ujazo wa 1,746, inapitisha mafuta karibu na valvu za moshi ili kupoza hapo, na nyingine zinapitisha maji. Baada ya zaidi ya miaka 100, upepo peke yake haukutosha tena.

Nilimweleza motari wetu haya yote. Alisikiliza, kisha akasema: «Kwa hiyo hata wao.» Ndiyo, hata wao. Na moteri ya 1,340 ingekula esansi yake ya siku kabla ya saa sita, na uzito wake usingepita kwenye matope yetu.

Lakini yale waliyojifunza ni yaleyale kwa moteri ya 125. Nilimuuliza fundi wake, naye akaongeza ya kwake. Ondoeni matope kwenye mbavu za silinda kila jioni, maana mbavu zilizojaa udongo ni kama sufuria iliyovikwa blanketi. Msifunge bidoni au godoro mbele ya moteri. Fanyeni vidanji mapema, hasa wanaopanda milima na mzigo, na mafuta yasiwe yale yaliyokwisha tumika kwingine. Mkifika juu ya mlima, simameni kivulini dakika chache. Na moteri ikipata moto, msiimwagie maji ya baridi: chuma chenye moto kinaweza kupasuka, na hapo hakuna tena safari.

Yule mama aliyebebwa siku ile sasa anaishi katika familia iliyompokea hapa mjini. Motari bado anampeleka sokoni mara kwa mara. Anasema kabla ya kupanda, mama huinama kwanza na kutazama chini ya moteri kama kuna tone la mafuta. Tangu siku ile hapandi pikipiki inayovuja.

Mwenye swali au ushuhuda mwingine kuhusu barabara zetu na vyombo vyetu, atuletee kwenye kituo chetu cha redio. Tutalijibu kadiri tunavyoweza.