TULIPU: UA LINALOSUBIRI BARIDI, NA HISTORIA YAKE KWA WAISLAMU



Wapenzi wasomaji, tumepokea barua kutoka kwa mwanafunzi wetu wa zamani ambaye sasa anaishi na familia yake Uingereza. Anasema mwezi wa Novemba yeye na binti yake walipanda matunguu ya maua ya tulipu mbele ya nyumba, wakaambiwa wasubiri mpaka Aprili. Lakini baridi ilichelewa, siku zikawa na joto, na mwishoni mwa Desemba majani yakawa yameshatokeza. Mtoto akalia kwamba theluji itayaua, akataka wayafukue na kuyaingiza ndani. Baba yake akatuuliza tuna ushauri gani.

Sisi huku kwetu hatuijui theluji, kwa hiyo tulicheka kidogo, kisha tukafungua vitabu. Tuliyoyakuta humo tumeona ni vyema familia zetu na vijana wa madrasa wayajue, kwani ua hili ambalo dunia nzima huliita ua la Uholanzi, lilipita kwanza katika bustani za Waislamu.

TUNGUU NI NINI?

Kila mama anakijua kitunguu kilichosahauliwa jikoni. Hakina udongo wala hakijamwagiwa maji, lakini kinachipua, kwa sababu kimebeba chakula chake ndani. Tunguu la tulipu ni hivyo hivyo.

Asili ya tulipu nyingi ni milima ya Asia ya Kati, kama Tien Shan na Pamir, katika nchi ambazo leo ni Kazakhstan, Uzbekistan, Kyrgyzstan na Tajikistan. Huko kiangazi ni kikavu na cha joto, na majira ya baridi ni makali. Mwenyezi Mungu (S.W.T) ameujaalia mmea huu kulala ardhini wakati wa ukame, kuotesha mizizi ardhi inapopoa, na kuchanua theluji inapoyeyuka.

Ajabu yake ni kwamba ua dogo linakuwa limeshaumbika ndani ya tunguu kabla ya kupandwa. Lakini kikonyo chake hakirefuki vizuri mpaka tunguu lipate baridi ya wiki 12 hadi 16 hivi, chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Kwa hiyo baridi anayoiogopa binti yetu ndiyo ufunguo wa ua lenyewe.

BUSTANI ZA ISTANBUL

Waturuki na Waajemi huliita ua hili *lale*. Kwa herufi za Kiarabu neno hilo huandikwa kwa alif, lam mbili na he, herufi zile zile za Jina la Allah, na kwa hesabu ya abjadi yote mawili hufika 66. Neno *hilali* nalo ni 66. Kwa sababu hiyo mafundi walilipenda ua hili katika vigae vya misikiti, mazulia na nguo. Tuwaambie vijana wetu wazi: haya ni mapenzi ya wasanii, si jambo la akida.

Hata wanazuoni walishika jembe. Ebussuud Efendi, Sheikhul Islam wa zama za Sultan Suleiman (aliyetawala 1520 hadi 1566), ametajwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuotesha aina mpya za tulipu mjini Istanbul.

Zama hizo ndipo alipokuja Ogier Ghiselin de Busbecq, balozi wa Mfalme Ferdinand. Alisafiri kutoka Vienna mwishoni mwa 1554 na kufika Istanbul Januari 1555. Katika barua zake anaeleza kwamba karibu na Edirne aliona nargisi, hayasinti na tulipu zimechanua, akashangaa sana kwa kuwa yalikuwa karibu katikati ya majira ya baridi. Tazama! Jambo lililomliza mtoto wa mwanafunzi wetu ndilo lililomshangaza balozi huyo karibu miaka 470 iliyopita.

Wanahistoria wengine wameitilia shaka habari hii. Tulipu kwa kawaida huchanua Machi hadi Mei, na barua hizo zilichapishwa miaka ya 1580, baada ya kuandikwa upya. Busbecq alisafiri tena kwenda Amasya mwezi wa Machi 1555, na huenda alichanganya safari mbili. Hata hivyo, jina alilowapelekea Wazungu linaelekea kutokana na neno la Kituruki la kitambaa cha kilemba, kwani ua lenyewe linafanana nacho.

UHOLANZI NA BIASHARA YA UPEPO

Mwaka 1559 Conrad Gessner aliliona ua hili huko Augsburg, Ujerumani. Mwaka 1593 Carolus Clusius alihamia Leiden, Uholanzi, akapanda matunguu yake katika bustani ya chuo kikuu, na mwaka uliofuata yakachanua.

Yaliyofuata yana mafunzo makubwa. Matunguu hukaa ardhini majira yote ya baridi, kwa hiyo wafanyabiashara walianza kuuziana karatasi za ahadi badala ya matunguu. Muuzaji hakuwa nalo, mnunuzi hakuliona, na bei ilipanda kila mara. Waholanzi wenyewe waliiita biashara ya upepo. Februari 1637, mjini Haarlem, wanunuzi hawakujitokeza na bei zikaanguka. Wanafunzi wetu wa fiqhi wanaposoma mlango wa gharar, na kwa nini mtu hakatazwi bure kuuza asichokuwa nacho, basi huu ni mfano wa kuukumbuka.

Lakini tusiwacheke wengine. Zama za Sultan Ahmed III, kati ya 1718 na 1730, nasi tulianguka. Waziri wake mkuu, Damat Ibrahim Pasha, alifanya mema, na katika siku hizo Ibrahim Muteferrika alipata ruhusa ya kupiga chapa vitabu, mwaka 1727. Lakini wakubwa walishindana kwa makasri na sherehe za tulipu, bei za matunguu zikapanda hata serikali ikalazimika kuzipangia kiwango, huku watu wa kawaida wakilemewa na kodi. Septemba 1730 Patrona Halil aliongoza uasi. Waziri akauawa na Sultan akang'olewa. Ua halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa israfu.

JIBU LETU KWA BINTI

Tulimwandikia hivi. Mwanetu, usiyafukue. Majani ya tulipu hustahimili baridi. Ncha zake huenda zikaungua kidogo, lakini ua bado limejificha chini. Ardhi ikishapoa, tandaza majani makavu juu ya kitalu ili joto na baridi visibadilike ghafla. Ikitokea chipukizi la ua lenyewe limeshatoka na ikaja baridi kali, ua la mwaka huu laweza kupotea, lakini tunguu kwa kawaida hubaki hai.

Cha kuhofia zaidi ni joto likizidi kudumu, kwani tunguu likikosa baridi ya kutosha, ua hutoka fupi au hunyauka kabla ya kufunguka. Katika nchi zenye joto watu huyaweka matunguu kwenye friji kwa wiki kadhaa kabla ya kuyapanda, mbali na matufaha, kwani gesi inayotoka kwenye matunda hayo huliua ua ndani ya tunguu.

Jambo hili si la kuchukuliwa kwa wepesi. Majira ya baridi ya Ulaya yamepungua makali kuliko zamani, na aina kadhaa za tulipu za mwituni huko Asia ya Kati ziko hatarini kwa malisho ya mifugo na mabadiliko ya hali ya hewa. Mizani aliyoiweka Mola wetu, sisi ndio tunaoivuruga.

Wazazi, msisitizo wetu kwenu ni huu: watoto wenu wanapoona ua la tulipu kwenye picha, wasimulieni lilikopita. Nanyi vijana, mkiona jambo jema linachelewa na baridi imewazunguka, kumbukeni lile ua dogo lililokwisha kuumbika ndani ya tunguu.

Binti ametujibu. Ameyaacha ardhini, na kila asubuhi anayatazama kabla ya kwenda shule. Nasi tunasubiri Aprili pamoja naye, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.