Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Maneno ya Wazee

Likitajwa jina la Lubumbashi, wengi wetu twafikiri mara moja shaba. Ni haki, kwani mji huo ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya madini. Leo twapenda kuwajulisha chuo kikuu chake, na hasa shule yake ya lugha, historia na falsafa.

Wabelgiji walikianzisha chuo hicho mwaka 1955, mji ukiitwa bado Elisabethville. Masomo yakaanza mwaka 1956. Kilikuwa cha serikali, maana Wakatoliki walikuwa na chuo chao cha Lovanium, Kinshasa, tangu mwaka 1954. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, na masomo ya lugha na historia yakakusanywa Lubumbashi. Hapo alifundisha V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyepata kuwa mnovisi wa Wabenedikto, na ambaye vitabu vyake husomwa katika nchi nyingi. Mwaka 1981 chuo kikarudi kujitegemea.

Lakini mtu atauliza: shule ya namna hii yaufaa nini mji wa wachimba shaba? Tazameni mfano. Mwaka 1965 André Yav, mtumishi wa nyumbani, aliandika historia ya Elisabethville jinsi maboyi wenyewe walivyoiona. Aliandika kwa Kiswahili cha mji, kisichofuata sarufi ya shuleni, na wengi wangalikidharau. Kumbe Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alikitangaza kitabu hicho mwaka 1990 kama ushahidi wa historia. Baadaye mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake waliwaendea watu wa mitaa ya wafanyakazi, wakakusanya masimulizi yao.

Basi tusidhani kwamba historia ni ya magavana na makampuni tu. Kampuni huacha karatasi zake. Mzee aliyefanya kazi mgodini huacha maneno yake tu, nayo huzikwa pamoja naye ikiwa hakuna aliyemwuliza. Kila parokia ina wazee wa namna hiyo. Enyi wazazi, mtoto wenu akitaka kusoma historia, msimwambie kwamba amekosa kazi ya maana. Mwambieni aanze kwa babu yake.