Fungu la kumi la Wamaori

Mwezi wa Februari mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya New Zealand ilitoa hukumu katika kesi ambayo chanzo chake kilikuwa kimepita miaka zaidi ya 170. Mdai alikuwa mzee wa Kimaori, Rore Stafford. Mdaiwa alikuwa Mwanasheria Mkuu, kwa niaba ya serikali. Mzee huyo hakudai kwamba babu zake walishindwa vitani, wala kwamba waliuza ardhi yao wakapunjwa bei. Alidai kwamba serikali ilipewa amana, na kwamba amana hiyo haikutunzwa.

Msikilizaji mpenzi, anayesema Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Ukiwekewa kitu, huwi mwenyewe. Unakishika tu, na siku ya kuulizwa inakuja. Na kwa Wamaori kitu chenyewe kilikuwa ardhi, ambayo kwa lugha yao huitwa whenua. Neno hilohilo ndilo jina la kondo la nyuma, ambalo kwa desturi yao huzikwa katika ardhi ya ukoo mtoto anapozaliwa. Sisi tunaosema kwetu ni pale kilipozikwa kitovu hatuwezi kushangaa.

Tuanze na mkataba. Tarehe 6 Februari mwaka 1840, mahali paitwapo Waitangi, wakuu wa Kimaori walianza kutia saini mapatano na mwakilishi wa Malkia Victoria wa Uingereza. Yalikuwapo maandiko mawili, la Kiingereza na la Kimaori, na hayakusema jambo moja. La Kiingereza lilisema wakuu wanampa Malkia mamlaka kuu juu ya nchi. La Kimaori, ambalo ndilo lililotiwa saini na wengi mno, lilisema wanampa kawanatanga, neno lililoundwa kutokana na lile la Kiingereza lililotupa sisi gavana, na kwamba wao wanabaki na mamlaka yao kamili ya kikuu juu ya ardhi zao, vijiji vyao na vyote wanavyovithamini. Ugomvi juu ya tofauti hiyo haujamalizika hata leo. Lakini kifungu kinachotuhusu zaidi ni kile kilichotaka Mmaori anayependa kuuza ardhi aiuze kwa serikali ya Malkia peke yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumlinda asidanganywe na wachuuzi wa ardhi. Matokeo yake ni kwamba mlinzi ndiye akawa mnunuzi pekee.

Wachuuzi hao walikuwa wameshafika. Kampuni ya New Zealand, iliyoundwa London, ilituma meli mwaka 1839, mwaka mmoja kabla ya mkataba, ikatoa bunduki, mablanketi na vitu vingine, kisha ikadai kwamba imenunua mamilioni ya ekari pande mbili za mlango wa bahari unaotenga visiwa viwili vikubwa vya nchi hiyo. Makaratasi ya kampuni hiyo yamehifadhiwa hapa Uingereza, katika Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, magharibi mwa London. Hoja ya wakubwa wake ilikuwa hii: mablanketi si bei yenyewe. Bei ya kweli ni fungu la kumi. Katika kila mji na kila shamba litakalopimwa, sehemu moja kati ya kumi itawekwa kando kwa ajili ya wenye ardhi wa asili, na walowezi wakijaa, thamani ya sehemu hiyo itapanda, na watoto wa wakuu watakuwa matajiri miongoni mwa matajiri. Fungu hili la kumi, basi, halikuwa sadaka ya Wamaori kwa mtu yeyote. Lilikuwa ndilo malipo yao.

Mji wa Nelson, ulioko kaskazini ya Kisiwa cha Kusini, ulianzishwa kwa mpango huo. Mlowezi alilipa pauni 300 akapewa haki ya ekari 201, yaani ekari moja ya mjini, 50 za pembezoni mwa mji na 150 za shamba. Zamu za kuchagua viwanja zilipangwa kwa kura iliyochezwa London mwaka 1841, na viwanja vya Wamaori viliingizwa katika kura hiyohiyo, vikatawanyika huku na huku katika ramani. Walioichora hawakujua kijiji kiko wapi, viazi vimepandwa wapi, wala wafu wamezikwa wapi.

Mwezi wa Juni mwaka 1843 wapimaji walipoingia bonde la Wairau kabla madai hayajasikilizwa, palizuka mapigano na Wazungu 22 waliuawa, akiwemo kiongozi wa Nelson, Kapteni Arthur Wakefield. Mwaka uliofuata kamishna wa serikali, William Spain, alisikiliza madai ya kampuni. Alipokwisha kumsikia shahidi mmoja tu wa Kimaori, shauri lilisimamishwa na pande mbili zikapatana: Wamaori wapewe pauni 800. Kisha Spain akaamua kwamba kampuni ipate ekari 151,000, lakini vijiji, mashamba yanayolimwa na makaburi vitolewe, na fungu la kumi, yaani ekari 15,100, liwekwe kwa Wamaori. Gavana alitoa hati kwa masharti hayo mwaka 1845.

Hesabu ya ekari 15,100 ni nyepesi. Zilizopimwa na kutengwa ni 5,100. Zile 10,000 za mashamba hazikutengwa kamwe. Hata hizo chache hazikubaki salama. Mpango wa mji ulipobadilishwa katika miaka ya 1840, viwanja 47 kati ya 100 vya mjini vilitolewa katika fungu. Mwaka 1853 Gavana George Grey aliwapa kanisa zaidi ya ekari 900 huko Motueka kwa ajili ya shule, na familia za Kimaori zilizokuwa zikilima pale zikaambiwa zipishe. (Ardhi hiyo ya shule ilirudishwa kwa wenyewe mwaka 1993, baada ya miaka 140.)

Yote haya yalifanywa na mdhamini. Hakuna jeshi lililotumwa Motueka.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1865 Bunge la walowezi liliunda Mahakama ya Ardhi ya Wenyeji, kazi yake ikiwa kubadili milki ya ukoo kuwa hati ya mtu binafsi. Hati moja iliruhusiwa kuwa na majina yasiyozidi kumi. Ukoo wenye mamia ya watu ulichagua wakuu wake kumi, ukidhani kwamba wanaandikwa kwa niaba ya wote, kama ilivyokuwa desturi. Sheria haikuona hivyo. Kwa macho yake kumi hao walikuwa wenye mali kamili, na waliobaki wote hawakuwa na chao. Huko Heretaunga, katika uwanda wa Hawke's Bay ulio na rutuba kubwa, kumi walioandikwa walizungukwa na wenye maduka waliowakopesha bidhaa na kuwabana kwa madeni, mmoja mmoja, mpaka ardhi ikauzwa mwaka 1870. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi cha serikali kuunda tume ya uchunguzi mwaka 1873, na sheria ya mwaka huo ikaamuru sasa kila mwenye haki aandikwe. Likazaliwa tatizo jingine: majina yakawa mamia, watoto wote wakarithi sawasawa, na baada ya vizazi vitatu au vinne mtu alimiliki kipande kisichotosha kufunga mbuzi.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha historia hii. Mkuu wa Kimaori aliposhika ardhi kwa niaba ya watu wake, sheria ilikataa kumtambua kuwa mdhamini. Serikali ilipotaka kuishika ardhi hiyohiyo, udhamini ukawa neno takatifu.

Taranaki, upande wa magharibi wa Kisiwa cha Kaskazini, ndiko mambo yalikofika mbali zaidi. Ekari kama milioni 1.2 zilitaifishwa mwaka 1865 baada ya vita. Kijiji cha Parihaka, chini ya Te Whiti o Rongomai na Tohu Kākahi, kilipinga upimaji wa ardhi bila silaha: wanakijiji waling'oa vigingi vya wapimaji na kulima mashamba ya walowezi kwa plau. Tarehe 5 Novemba 1881 watu wenye silaha wapatao 1,600 waliingia kijijini, wakapokewa na watoto walioimba. Viongozi hao wawili waliwekwa kizuizini hadi mwaka 1883 bila ya kuhukumiwa.

Ekari zipatazo 200,000 zilizorudishwa kwa Wamaori wa Taranaki hazikurudishwa mikononi mwao. Ziliwekwa chini ya Mdhamini wa Umma, ofisa wa serikali mjini Wellington, ambaye aliwakodisha walowezi na kukata gharama zake katika kodi. Mwaka 1892 sheria ilizidi kukaza: ukodishaji uwe wa daima. Mpangaji atarefusha mkataba kila baada ya miaka 21, yeye na warithi wake, milele, kwa kodi ya asilimia tano ya thamani ya ardhi tupu. Nelson ilikuwa imepewa sheria ya namna hiyo mwaka 1887. Mmaori akabaki mwenye ardhi kwa jina, asiye na ruhusa ya kukanyaga.

Msikilizaji wa Kenya huenda akakumbuka Sheria ya Udhamini wa Ardhi za Wenyeji ya mwaka 1930, iliyoahidi kwamba maeneo ya Waafrika ni yao daima, ikarekebishwa mwaka 1932 mara baada ya dhahabu kuonekana Kakamega. Ofisi ya Makoloni ya London ilikuwa imeshazoea msamiati huo.

Mwaka 1920 kazi ya Mdhamini wa Umma juu ya ardhi za Wamaori ilihamishiwa ofisi mpya ya Mdhamini wa Wenyeji, ambayo baadaye iliitwa Mdhamini wa Maori. Sheria ya 1953 ilimpa uwezo wa kuchukua kwa lazima hisa za thamani iliyo chini ya pauni 25, kwa hoja kwamba ni ndogo mno kuwa na faida. Hivyo mtu aliweza kupoteza kipande chake cha mwisho cha whenua kwa kuwa sheria ya ardhi ilikuwa imekikatakata kabla. Ile ya 1955 ilithibitisha mikataba ya daima: asilimia tano mashambani, nne mjini, kodi isibadilike kwa miaka 21. Katika miaka ya 1970, bei za vitu zilipopanda kwa kasi, kodi hiyo iligeuka kitu cha kuchekesha, isipokuwa kwa aliyetegemea kula kwayo.

Mwaka 1975 bibi mwenye umri wa karibu miaka 80, Whina Cooper, aliongoza matembezi ya miguu kutoka ncha ya kaskazini hadi Bungeni, mwendo wa kilomita kama 1,000, akidai isipotee ekari nyingine hata moja. Mwaka huohuo iliundwa Baraza la Waitangi la kusikiliza malalamiko ya mkataba. Taranaki ilikabidhiwa ardhi zake kwa shirika la wenyewe, Parininihi ki Waitotara, mwaka 1976, na Nelson kwa shirika la Wakatū mwaka 1977. Walichokabidhiwa, hata hivyo, kilikuja pamoja na wapangaji wake wa milele.

Ndipo ikaja kesi ya Mzee Stafford, iliyofunguliwa mwaka 2010. Alishindwa Mahakama Kuu, akashindwa kwenye rufaa, akashinda Mahakama ya Juu: majaji wengi walisema serikali ilibeba wajibu wa kisheria wa mdhamini juu ya zile ekari 15,100. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya nchi hiyo kutamka hivyo kuhusu ardhi ya Wamaori. Mwaka 2024 Mahakama Kuu, iliporudishiwa shauri, ilikuta kwamba wajibu huo ulivunjwa.

Na mikataba ya daima? Sheria ya 1997 iliamuru kodi ifuate bei ya soko na iangaliwe upya kila miaka saba. Haikuifuta mikataba yenyewe. Mpangaji akitaka kuuza haki yake, mwenye ardhi hupewa nafasi ya kwanza ya kuinunua, na huko Taranaki shirika la wenyewe limekuwa likifanya hivyo, shamba moja baada ya jingine, likilipa fedha ili liruhusiwe kufuga ng'ombe wa maziwa katika ardhi ambayo hati yake imeandikwa jina lake.