Breda na usafiri kwa kiti cha magurudumu
Breda ni mji wa kusini mwa Uholanzi, mshindi wa tuzo ya Tume ya Ulaya ya mwaka 2019 kwa miji inayofikika na watu wenye ulemavu. Katikati ya miji mingi mikongwe ya Ulaya, barabara zimetandazwa mawe yenye migongo ya mviringo: magurudumu madogo ya mbele hunasa kwenye mianya, na mtikisiko humuumiza aliyeketi. Breda iliyang'oa mawe yake, ikayakata, ikayapanga upya upande bapa ukiwa juu. Sura ya kale ikabaki, na anayetumia kiti hukatiza uwanjani na wenzake, bila kuzungushwa pembeni. Hilo ndilo la thamani zaidi. Mshindi wa kwanza wa tuzo hiyo, mwaka 2011, alikuwa Ávila, Hispania.